Shemeji na Daftari Lake

Shemeji yangu kaja kutoka Mwanza na daftari. Mgeni akija Unguja na nguo ya kuogelea, kazi ni nyepesi: unampeleka Nungwi, unamwacha na bahari yake, unarudi kulala. Huyu anataka kuona muziki wa mji, mahali watu walipodai haki zao, na waandishi. Kwa siku moja. Kwa miguu. Februari, jua la kupasua kichwa.

"Wewe si mwenyeji, shemeji?"

Mwenyeji! Miaka hamsini na mbili nakaa Ng'ambo. Navuka Darajani kununua samaki, basi. Mji Mkongwe naujua kama ninavyomjua mama mkwe: kwa salamu.

Tukaanza Mkunazini, kanisani, palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa 1873. Shemeji akashuka kwenye vile vyumba vya chini, kainama karibu kugusa magoti. Mie nikabaki juu, nikasema nalinda viatu. Hakuna aliyevua viatu. Dari ile siiwezi, na si kwa sababu ya mgongo.

Malindi, bandarini, akataka nimwonyeshe walipogomea makuli 1948, mgomo alioutungia Adam Shafi riwaya yake ya Kuli. Nikanyoosha kidole upande wenye kivuli. Mwaka huohuo, akasoma daftarini, ndio aliozaliwa Abdulrazak Gurnah, aliyepata Nobeli 2021. "Umemsoma?" Kitabu chake ninacho. Kinazuia mlango wa jikoni usijigonge.

Kufika Shangani, papasi watatu, wale vijana wanaowinda watalii, wametuganda kama nzi kwenye halua. "Muziki? Freddie Mercury!" Kweli, Farrokh Bulsara kazaliwa hapa Unguja 1946, na jumba lake la makumbusho lipo Barabara ya Kenyatta. Ila ukiwasikiliza papasi, mtoto yule kazaliwa kila mlango wenye duka la vinyago.

"Na Siti binti Saad?" akauliza shemeji.

Papasi akanitazama. Nami nikamtazama papasi.

Huyu ni Siti aliyetoka Fumba akiuza vyungu, akaenda Bombay 1928 kuimba kwenye santuri, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Tukazunguka vichochoro, duka hili hatuna habari, duka lile tununue kanga kwanza. Soli ya kandambili yangu ya kushoto ikaachia. Mwisho tukamkuta mzee barazani, kahawa mkononi. Akaniangalia kuanzia kofia hadi kandambili.

"Umetoka wapi wewe?"

"Ng'ambo."

"Basi rudi. Siti alikuwa mtu wa Ng'ambo, kwenu huko."

Shemeji akaandika. Kaandika kwa muda mrefu, kuliko alivyoandika Mkunazini, na hakutaka kunionyesha.

Desemba anarudi na wanawe wanne. Majirani zangu wa Ng'ambo, nakuombeni: anayeijua nyumba aliyokaa Siti anionyeshe mapema, usiku, mgeni akiwa hayupo.