Namna ya Kuisaliti Rangi ya Baiskeli

Anza na dharau. Bila dharau hutafika popote. Kwa miaka mingi waambie vijana wa bandani kwamba rangi za maji ni za watoto wa chekechea (sisemi ile ya kupaka ukutani, hata hiyo tuliiheshimu zaidi), na kwamba fundi wa kweli huchora kwa rangi ya kopo, ya kupaka baiskeli, kama marehemu Edward Saidi Tingatinga alivyochora kwenye vipande vya hadibodi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Inang'aa, haiogopi mvua, na ina huruma: leo ukikosea mkia wa chui, kesho unapaka juu yake, na shahidi hayupo.

Kisha ngoja siku utakayokosa hela ya kopo. Usiwe na haraka, itafika. Usiku huo mwanao atakuwa ameacha mezani kisanduku chake cha rangi, chenye vidonge kumi na viwili na brashi ya nywele tatu. Hakikisha amelala. Ukikamatwa utaeleza nini?

Chora chui. Ungechora nini kingine?

Hapo ndipo utakapoanza kutukana. Sisi tumezoea kupaka usuli kwanza, tukauacha ukauke, ndipo tukampandisha mnyama juu yake. Nyeupe ya macho huja mwisho kabisa. Kwenye maji kila kitu ni kinyume. Nyeupe ni karatasi yenyewe, usipoikwepa tangu mwanzo imekwenda. Jicho la chui lazima uliamue kabla chui hajakuwepo. Na madoa! Ukiyaweka kwenye karatasi mbichi hayatulii ulipoyaweka. Yanatambaa, yanapanuka, yanatembeleana.

Asubuhi mama watoto atakuuliza: "Baba Neema, huyu chui kanyeshewa?"

Usijibu. Tazama vizuri. Kweli kanyeshewa. Umechora chui kwa miaka ishirini, wote wakavu, na huyu ndiye wa kwanza kukutwa na mvua.

Kuanzia hapo dawa hakuna. Karatasi ya daftari itajikunja kama chapati iliyoungua, kwa hiyo utatafuta nzito, ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba. Bei yake usiitaje nyumbani. Utaanza kuiba chumvi jikoni, maana punje chache zikidondoshwa kwenye rangi mbichi hunyonya maji na kuacha vinyota. Masika utakaa unapepea karatasi kwa kipande cha boksi kama muuza mishikaki. Wenzako wakikucheka kwamba umeingia uzunguni, waambie kinachoshika rangi hizo ni gundi ya mgunga, ile inayovunwa kwa wingi Sudan, hapo juu tu. Hawatakuamini, lakini watanyamaza kidogo.

Kopo usilitupe. Mchana endelea na rangi ya baiskeli, ndiyo inayolipa ada, na mtalii anataka chui anayeng'aa. Usiku fanya mambo yako.

Yule chui wa kwanza yupo ukutani, nyuma ya kioo. Mteja mmoja aliniuliza bei, nikamwambia bado hajakauka. Huu ni mwaka wa tatu.