Tai Katua Dirishani Mbele ya Mkwe

"Mwenye mzigo wa Hitler asogee dirishani!"

Sauti ilikata foleni nzima pale posta ya Mbinga mjini juzi asubuhi, nami ndiye niliyesogea. Nyuma yangu kidogo alisimama mama mkwe, kapanda na basi la alfajiri kutoka Liuli. Nilikuwa nimeshamwamkia kwa unyenyekevu wote unaompasa mkwe. Unyenyekevu ule ukawa umekwenda na maji.

Karani alikuwa amefungua bahasha yangu, kama anavyoruhusiwa, akaliinua gazeti juu ili hata mlinzi wa mlangoni afaidi: Der Adler, toleo la 1941, jaladani ndege ya kivita yenye swastika mkiani.

"Mambo gani haya, mwalimu?"

Nikaeleza. Der Adler, yaani Tai, lilikuwa gazeti la picha la jeshi la anga la Ujerumani. Lilitolewa Berlin na kampuni ya Scherl kila baada ya wiki mbili, toka 1939 hadi 1944, tena kwa lugha kadhaa ili na wasiojua Kijerumani wapate kuogopa. Kijana mmoja akadakia kwamba hiyo ni propaganda. Ni propaganda, nani amekataa? Humo Ujerumani inashinda kila wiki mbili mpaka siku gazeti linafungwa. Mimi nanunua uchapaji. Jibu hilo liliwaridhisha watu wachache sana.

"Na bei hii? Euro 60 kwa gazeti lenye kutu?" Karani akashusha miwani. "Mwalimu, hapa kuna kitu."

Hapo nikatoa kioo changu cha kukuzia, na naomba nivumiliwe, kwa sababu hata pale dirishani sikuweza kujizuia.

Magazeti mengi ya picha ya miaka ile yalichapwa kwa silinda ya shaba. Picha huchorwa kwa kemikali juu ya shaba hiyo, ikawa vishimo vidogo, maelfu kwa maelfu, visivyolingana kina: penye kivuli kishimo kirefu, penye mwanga kifupi. Silinda inazunguka ndani ya wino mwepesi. Wembe mrefu wa chuma unaukwangua uso wote, wino unabaki vishimoni tu, na karatasi ikibanwa pale inaunyonya. Kwa hiyo giza la picha hizi ni wino mwingi kwelikweli, mzito kiasi kwamba unaogopa kuugusa usije ukachafuka. Na kwa kuwa silinda nzima ni vishimo, hata maandishi yamekatwakatwa: ukitazama kwa kioo, kingo za kila herufi zina meno meno. Nakala bandia ya siku hizi inajiumbua hapo hapo, maana picha za rangi zinaonyesha nukta za rangi nne zimejipanga duara duara. Kisha angalia pini: chuma cha enzi za vita, kimekula kutu mpaka kutu imehamia kwenye karatasi. Karatasi yenyewe ni mbao iliyosagwa bila kusafishwa vizuri, ndiyo maana mwanga na hewa huigeuza rangi kuanzia kingoni kuelekea katikati. Kughushi rangi hiyo ikakubali ni kazi.

Nilipomaliza, foleni ya kwanza ilikuwa imevunjika na imeundwa nyingine, ya kuchungulia kioo. Fundi pikipiki alipoyaona meno ya herufi alipiga ukelele. Dada mmoja alichungulia, akarudi nyuma kupanga tena. Karani mwenyewe alitazama kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akaniandikia ushuru bila huruma, kwa kuwa nilikuwa nimethibitisha mbele ya mashahidi kwamba mali ni halisi.

Ikafika zamu ya mama mkwe. Akakishika kioo mbali na uso, akatazama, akakirudisha.

"Baba," alisema taratibu, "kwetu Liuli Mjerumani alipigiwa mzinga meli yake ikiwa nchi kavu. Ndiye huyu unayemlipia?"

Watu walicheka mpaka mlinzi akaingia. Na mama hakutia chumvi. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka Ziwa Nyasa hadi Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaipiga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa kutengenezwa. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba kuna vita. Inasimuliwa mpaka leo kama kichekesho cha manahodha wawili waliozoea kunywa pamoja.

Mzee mmoja akauliza kama ndege za gazeti hili ziliwahi kufika Ruvuma. Hizi hapana. Lakini katika vita vile vya kwanza, Novemba 1917, meli ya angani L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, na karibu tani 15 za risasi, dawa na mahitaji mengine, ikimfuata Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu. Isingerudi: kitambaa chake kilikusudiwa kushonwa mahema, na ngozi ya njia yake ya ndani iwe viatu. Ilipofika juu ya Sudan ikaamriwa kugeuza. Saa 95 angani, mzigo ukarudi ulikotoka, na siku mbili baada ya kugeuza huko, Lettow akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Safari hiyo imeandikiwa vitabu, na jina la nahodha, Ludwig Bockholt, halikosekani. Sasa piga hesabu. Tani 15, kwa kilo 25 kichwani, ni mzigo wa wapagazi 600. Mzigo ambao L59 haikuufikisha ndio waliokuwa wakiubeba watu wetu kila siku, wengine kwa Mjerumani, wengine kwa Mwingereza, na hakuna aliyewaamuru kugeuza. Makumi ya maelfu walikufa, kuhara na njaa vikiwamaliza wengi kuliko risasi. Nitajie mmoja. Meli iliyoshindwa kufika ina picha, ina ramani ya njia yake. Babu aliyefika na sanduku lake hana hata kaburi lenye maandishi, na mimi, mjukuu, nimelipia ushuru wa rubani anayetabasamu. Nilimwambia karani hivyo. Akaniambia nisogee pembeni, wengine wana haraka.

Nikasogea, nikikumbuka kwamba na matoleo ya nyuma hayakunipa bahati. La kwanza nililowahi kuagiza lilifika limelowa. Jingine mchwa walilila, wakaacha matangazo ya biashara. Lile la Kiitaliano aliliazima padre mmoja aliyesoma Roma, akahamishwa jimbo nalo.