Wageni Wanakuja Garissa: Mwongozo wa Siku Tatu

Marafiki wamepiga simu kutoka Nairobi: shule zimefungwa, wanakuja na watoto wote. Kabla hujatafuta magodoro, waambie wafike Jumanne. Sababu wataiona Jumatano.

Safari

Basi la Eastleigh hupita Thika na Mwingi, kilomita 370 hivi. Waondoke alfajiri, usiku si wakati wa barabara hii. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, maana kwenye vizuizi abiria hushushwa na kukaguliwa. Daraja la Mto Tana na askari hawapigwi picha, hata mtoto akilia. Msimu wa mvua, ulizia njia kwanza: mwezi Aprili 2024 Mto Tana ulifurika, barabara ikakatika upande wa Madogo na watu wakavushwa kwa mashua.

Siku ya kwanza: mgeni alale

Baba mtu atataka kuzunguka mji saa nane mchana. Mkatalie kwa upendo. Joto huvuka nyuzi 35, na wenyeji wenyewe wako kivulini. Kinachofaidi jua hilo ni kituo cha umeme wa jua kilichozinduliwa nje ya mji Desemba 2019, chenye uwezo wa megawati 50. Binadamu apewe chai ya tangawizi, kisha wali kwa nyama ya mbuzi na ndizi mbivu kando. Watoto watauliza ndizi inaliwa lini. Inaliwa pamoja na wali, kipande kwa tonge. Anza wewe, watacheka, halafu wataomba nyingine.

Jioni mji ukiamka, wapeleke sokoni, Suuq Mugdi. Wavae nguo za staha, na somo la salamu liwe limekwisha nyumbani: "Asalaam aleikum" kwanza, maswali baadaye. Mama muuza maziwa aitwe *hooyo*, mzee aitwe *awowe*. Mtoto akiyatamka hayo vizuri, hamtatoka sokoni haraka, kwa sababu kila mtu atataka kujua ni wa nani. Onjeni susa, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, yenye harufu ya moshi wa chombo chake. Maziwa mabichi mtayachemsha nyumbani.

Siku ya pili: ng'ombe asubuhi, twiga jioni

Jumatano ndiyo siku kuu ya soko la mifugo, mojawapo ya masoko makubwa zaidi ya aina hiyo Afrika Mashariki. Mfike mapema, jua lingali la upole. Ng'ombe hapa wanapakiwa malori ya Nairobi na Mombasa. Nyama ambayo wageni wako huila kwao huenda ilitembea siku nyingi kufika kwenye vumbi hili. Waeleze watoto kwamba ng'ombe wale ni karo, ni dawa, ni akiba ya familia nzima. Kisha waambie wakae mbali na mateke.

Tafuta dalali mwenye subira awaeleze bei inavyopatanwa. Madalali wa Kisomali wana desturi ya kushikana mikono chini ya kitambaa na kutaja bei kwa vidole, jirani asijue. Vijana wa simu watasahau simu zao kwa nusu saa nzima.

Jioni nendeni Bour-Algi, kusini kidogo ya mji, kwenye hifadhi ya twiga inayolindwa na jamii. Wape watoto kazi: watazame mabaka. Twiga wa Hifadhi ya Nairobi wana mabaka yenye kingo zilizochanika. Hawa wana mabaka makubwa yaliyotenganishwa na mistari myeupe iliyonyooka. Waambie pia kuhusu ukame. Desemba 2021, twiga sita walikufa Sabuli, Wajir, baada ya kunasa kwenye tope la bwawa lililokaribia kukauka, wakitafuta maji. Mtoto aliyesikia hayo ataelewa kwa nini wafugaji wanahesabu mvua. Swala adimu aitwaye hirola usimwahidi: hifadhi ya Ishaqbini iko mbali, upande wa Ijara, na wanyama hao wamebaki mia kadhaa tu duniani.

Swali litakalokuja

Mtoto mkubwa atauliza: "Si hapa ndipo wanafunzi walipouawa?" Usibadilishe mazungumzo. Mjibu: ndiyo, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 katika chuo kikuu cha hapa, wengi wao wanafunzi waliokuja kutoka sehemu zote za Kenya. Mwambie pia kwamba Januari 2016 milango ilifunguliwa tena na masomo yakaendelea. Yote mawili ni kweli, naye ana haki ya kuyajua yote. Akiuliza kuhusu kambi za wakimbizi za Dadaab, mweleze kwamba zilianza 1991 kwa sababu ya vita vya Somalia, na kwamba maisha ya wakimbizi si maonyesho ya kutembelewa.

Siku ya tatu: jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Garissa jembe lipo tayari. Omba ruhusa kwenye shamba la kando ya Tana, penye maembe, ndizi, nyanya na matikiti. Pampu inavuta maji ya mto, mifereji inayagawa, na kazi ya kufungua na kuziba mifereji kwa jembe inawafaa watoto kabisa. Ukingoni hawaendi bila mwenye shamba, kwa sababu mamba na viboko nao ni wenyeji.

Wazazi nao washike jembe. Wageni wengi waliambiwa kwamba eneo hili ni mchanga na hatari tu. Hotuba yako haitawabadilisha; kumwagilia nyanya na mtu wa hapa, wakiulizana habari za watoto, kutawabadilisha. Kisha wape tikiti wabebe, na uwaagize likizo ijayo waje na yule jirani aliyewashauri wasije.