Muulize Shangazi Mwiko: jibini imeingia nyumbani

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu alipelekwa semina Arusha, akalala hotelini. Tangu arudi, chai na mihogo hataki tena. Anadai jibini na mboga mbichi kama alivyoandaliwa kule. Nimekwenda supamaketi, nimesoma bei, nimerudisha kipande mahali pake. Nimwambie arudi Arusha? Mke wa Mwanasemina, Tabata.*

Marahaba mwanangu. Usimfukuze. Semina zimevunja nyumba kwa mambo mazito kuliko jibini. Mshukuru Mungu huyu wako amerudi na njaa tu. Na bei ile haina wizi. Kilo moja ya jibini ngumu hula lita kama 10 za maziwa, kisha inalazwa ghalani wiki hata miezi kabla ya kuuzwa, kwa hiyo unamlipia ng'ombe na kodi ya chumba juu yake. Ipo jibini nyingine isiyolala popote, na hiyo utaitengeneza mwenyewe kabla ya taarifa ya habari.

Chukua lita 2 za maziwa mabichi, yale ya muuzaji wa baiskeli, mradi hajayabatiza njiani. Ya boksi yanayokaa miezi dukani yaache. Yameshapitishwa kwenye moto mkali mno, mabonge yake hulegea. Bandika kwenye sufuria nzito, koroga yasishike chini. Yakianza kupanda, punguza moto, mimina maji ya ndimu 2 au 3 kidogo kidogo huku mwiko ukienda polepole. Hapo simama utazame. Mwanzoni hakuna kitu, utadhani Shangazi kakudanganya. Mara vinatokea vichembe kama chenga za mchele, vinashikana, vinakuwa mabonge, na maji yanayobaki yanaingia rangi ya kijani iliyochanganyika na njano. Maji yakiwa bado meupe, ndimu haijatosha, ongeza. Epua, chuja kwa kitambaa cheupe cha pamba. Cheupe, nimesema. Ukitumia kanga mpya mumeo atakula jibini ya bluu yenye methali. Suuza kwa maji baridi ukali wa ndimu upungue, nyunyiza chumvi, kunja kitambaa, kandamiza kwa sufuria yenye maji kwa saa moja. Utapata kama gramu 300 hadi 400, na inakatika kwa kisu.

Sifa yake kubwa ni kwamba haiyeyuki. Jibini iliyogandishwa kwa ndimu hubaki na umbo lake hata kwenye kikaango, ndiyo maana inamfaa mwanamume anayelalamika kuwa mboga hazina kitu cha kutafuna. Kata vipande vya ukubwa wa mshikaki, kaanga mpaka pande zote ziwe kahawia, weka kando. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka mafuta yajitenge, tia mchicha uliooshwa na kukung'utwa vizuri, dakika 2 au 3 zinatosha, kisha rudisha jibini juu. Sukuma ugali mbele yake. Akisema Arusha hawakupika hivi, mwambie Arusha hawamjui.

*Shangazi, shikamoo. Nilimwalika binti wa watu chakula cha jioni. Nikapika bilinganya na nyanya, nikamwagia jibini ya pakiti iliyokwisha kuparuzwa, nikafunika, nikaiacha ichemke dakika 20 ili ikolee. Juu mafuta yalielea, chini maji, katikati raba. Alisema ameshiba kabla hajala. Sasa hapokei simu. Bachela wa Sinza.*

Marahaba. Kuhusu simu sina uwezo, mimi ni Shangazi wa jikoni. Kuhusu sufuria, ulikosea ratiba. Jibini ya kuyeyuka ikikaa motoni muda mrefu, protini yake hujikaza na kutema maji na mafuta iliyokuwa nayo. Raba uliyoiona ndiyo hiyo, na hakuna pilipili manga itakayoirudisha. Sasa ongeza maji ya nyanya na maji ya bilinganya, ambayo ni mengi kuliko unavyodhani. Ulikuwa unaogesha, hukuwa unapika.

Wakati mwingine kata bilinganya vipande vya mviringo, nyunyiza chumvi, uiache nusu saa itoe jasho, ulifute. Kaanga kwenye kikaango kipana, usirundike, maana vipande vilivyorundikana huchemka badala ya kukaangika. Nyanya zipike peke yake na kitunguu saumu hadi mwiko ukipita uone chini ya sufuria. Kutanisha, kisha EPUA. Ndipo uparuze jibini juu, ufunike kwa dakika 2. Joto lililobaki litaimaliza kazi. Na nunua kipande uparuze mwenyewe: ile ya pakiti hutiwa wanga isishikane, na wanga huo huo huifanya isiyeyuke vizuri. Chumvi usiguse mpaka umeonja, kwa sababu bilinganya imeshapata yake na jibini imekuja na yake.

Ukimpata binti, mwombe radhi kwa niaba ya bilinganya.

*Ndugu Shangazi, mke wa mwanangu ametia jibini kwenye kisamvu cha nazi. Nimenyamaza. Ninyamaze hadi lini? Mama Mkwe, Tanga.*

Dada yangu, umenyamaza vya kutosha. Kisamvu kimetwangwa, kimechemshwa kwa muda mrefu sumu itoke, kimepewa tui zito na subira ya mchana mzima. Mafuta kinayo, utamu kinao. Jibini hapo ni mtu wa tatu kwenye fungate. Lakini usiseme "sisi hatukupika hivi", neno hilo limefunga milango mingi. Mpelekee kapu la pilipili hoho kubwa, umwombe azijaze wali wa jana, karoti na jibini yake, azioke. Atafurahi kuombwa, jibini itapata mahali pake, na kisamvu kitapona.

*Jambo Shangazi. Kila nikipanda Masisi kuwaona wazazi, mama ananifungia jibini nzima ya mviringo. Hapa Goma umeme unakuja na kuondoka. Baada ya muda inaota ukungu. Mke wangu anataka kuitupa yote, mimi roho inaniuma. Mwana wa Masisi, Goma.*

Jambo mwanangu. Wengine huku wanapiga foleni supamaketi kwa vipande vya kufungwa plastiki, wewe unaletewa gurudumu zima na mama mzazi, halafu unaniandikia kama mtu mwenye shida! Jibini hiyo ya milimani, ambayo ufundi wake ulianzishwa na wamisionari wa Kibelgiji, ni ngumu kiasi cha kutosha kuokolewa. Kata ukungu pamoja na sentimita 2 na nusu kuuzunguka, kisu kisipite kwenye ukungu wenyewe, kilichobaki ni chakula. Ingekuwa jibini laini, yenye maji, mkeo angekuwa na haki ya kuitupa yote, kwa sababu ndani ya laini ukungu hutembea usiouona. Ifunge kwa kitambaa safi, si plastiki ya kuibana, uiweke penye baridi na kivuli.

Dawa nzuri zaidi ni kuila haraka. Chemsha viazi, viponde vibayavibaya na chumvi kidogo. Lengalenga, yaani mchicha, ikaange na kitunguu mpaka maji yote yakauke, ichanganye na viazi vikiwa bado vya moto, paruza jibini juu. Msigawane nyumba. Gawaneni sahani.

*Nikinywa maziwa tumbo linanguruma hata kanisani. Jibini je? Mwenye Aibu, Dodoma.*

Ngumu iliyokomaa ina sukari ya maziwa kidogo sana, wengi wenye tumbo lako huistahimili. Ile ya ndimu bado ina kiasi, anza na kipande kimoja. Ukiijaribu, ijaribu Jumatatu.

*Yale maji yanayobaki baada ya kuchuja, nimwage? Mbana Matumizi, Mbagala.*

Thubutu! Kandia unga wa chapati. Jirani akiuliza mbona zako laini, msifie unga.