Uainishaji wa Awali wa Wenye Mifuko ya Upepo

Elimu ya mifuko ya upepo, ambayo hadi sasa hakuna chuo kikuu kilichokubali kuifundisha, inahusu viputo viwili vya mpira mnene vinavyofungwa kati ya chasisi na ekseli ya nyuma ya pikapu, ili gari lisikalie makalio likivuta trela. Makao yake makuu ni Marekani, ambako kampuni ya Air Lift ya Lansing, Michigan, imekuwa katika biashara hii tangu 1949. Tawi lenye wafuasi wakali liko Australia, kwa wastaafu wenye karavani. Kwetu fani haijashika mizizi, kwa sababu fundi wa gereji humaliza mjadala kwa kuongeza majani mawili ya springi, na kuanzia siku hiyo mwenye gari huyahesabu mashimo ya barabara kwa uti wa mgongo.

Mifuko yenyewe haisumbui kuainisha. Iko ya nje, inayokaa juu ya springi za majani, mara nyingi mahali palipokuwa na kile kigogo cha mpira kinachozuia ekseli isigonge chasisi. Iko ya ndani, inayosokomezwa katikati ya springi za koili, kwa magari kama Ram 1500, ambalo tangu toleo la 2009 halina tena majani nyuma. Ya nje kwa kawaida huvumilia upepo hadi PSI 100, ya ndani huishia 35 hivi, na zote hazitaki kukaa tupu, maana mpira usio na upepo hujikunja na kujisaga. Kazi ngumu ni kuwaainisha wenye nayo.

Jamii ya kwanza ni Wanyoofu. Mnyoofu hataki makuu, anataka gari lisimame sawa. Amechoka kuwashiwa taa na wanaokuja mbele kwa sababu za kwake zinamulika matawi ya miti. Utamkuta amechutama kando ya gurudumu na futikamba, akipima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi, kabla ya kufunga trela na baada ya kuifunga, kisha anajaza mpaka vipimo vikaribiane. Mtu mwungwana. Lakini gari kunyooka ni jambo moja, uzito kugawanyika ni jambo jingine. Trela ya pauni 6,000 hulilalia tufe la chuma la kuivutia kwa pauni 600 hadi 900, na kwa kuwa tufe liko nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma hubeba zaidi ya hizo huku ya mbele ikipunguziwa mzigo. Mfuko huinua makalio tu. Ekseli ya mbele hairudishiwi chake. Hiyo ni kazi ya ndoano ya kugawa uzito, ile yenye vyuma viwili vya kukaza, ambayo Mnyoofu anaiona ni mambo ya wazee. Ndiyo maana pikapu yake hupendeza ukiiona kwa ubavu, na usukani wake ni mwepesi kuliko inavyofaa.

Jamii ya pili, Wajumlishaji, ndiyo hasa iliyosababisha utafiti huu. Mjumlishaji husoma kwenye boksi kwamba mifuko ina uwezo wa pauni 5,000, akazijumlisha na zile za kikomo cha mzigo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, akaenda kununua trela kubwa zaidi. Kibandiko kilihesabu ekseli, ringi, matairi, breki na chasisi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoarifiwa kuhusu mifuko. Watengenezaji wenyewe huonya katika kijitabu cha maelekezo kwamba kikomo cha gari hakiongezeki. Ukurasa huo ndio msafi kuliko yote. Ule wa kutoboa matundu umejaa vidole vya grisi.

Wajumlishaji wa Australia wana dalili ya pekee. Springi ya majani huikamata chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, na mzigo hugawanyika hapo. Mfuko husukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli. Ongeza karavani inayoning'inia nyuma kabisa, ongeza barabara ya vumbi yenye matuta, na chasisi ya pikapu ya milango minne hupinda. Uchunguzi hauhitaji maabara: tazama mwanya kati ya kebini na bodi ya nyuma. Ukiwa mpana juu kuliko chini, mgonjwa amechelewa kuletwa.

Jamii ya tatu, Watu wa Geji, ni wapole. Kwanza walifunga mrija mmoja wa upepo unaogawanyika kwenda mifuko yote miwili, wakagundua kwamba kwenye kona upepo hukimbia kutoka mfuko uliobanwa kwenda wa pili, na gari likazidi kulala. Wakatenganisha njia, wakapata geji mbili. Sasa kushoto panasoma 42 na kulia 44, na usingizi umekwisha.

Jamii ya nne, Wasahaulifu, hufungua trela, wakaacha upepo wote ndani, wakaenda sokoni wakirukaruka kama mbuzi.

Kuna kiumbe kimoja kilichokataa kuingia jamii yoyote. Ana mifuko, kompresa, geji ndani ya kebini, na hupaka maji ya sabuni kwenye maungio kila Jumamosi kutafuta panapovuja. Hajawahi kuvuta kitu. Trela ni ya shemeji yake, na shemeji ana gari lake.