Mheshimiwa Muhuri

Katika ofisi zetu hakuna mtumishi anayemfikia muhuri wa mpira. Hana cheti hata kimoja, hajui kusoma maneno aliyochongwa usoni, na maneno yenyewe ameyavaa kinyumenyume. Lakini bila yeye barua ya profesa ni karatasi ya kufungia maandazi. Mwenyekiti wa mtaa aweza kuwa anakufahamu tangu unatambaa, na sahihi ameshaweka. Ila muhuri umo kabatini, na mwenye ufunguo amekwenda msibani. Basi hujulikani. Utajulikana keshokutwa.

Na nasaba anayo. Mpira wa asili ulikuwa kitu cha ovyo: joto likizidi unanata, baridi ikija unapasuka. Charles Goodyear akaupika pamoja na kiberiti, akapewa hataza Marekani mwaka 1844, na mpira ukatulia. Baadaye mafundi wakapata kalibu ya plasta kutokana na herufi za chuma, wakaukandamizia mpira humo kwa joto. Kwa hiyo Mheshimiwa amezaliwa kwa moto na kiberiti, habari isiyomshangaza yeyote aliyewahi kupanga foleni dirishani pake.

Waliomkosea adabu ni wasanii. Mwaka 1919, kule Hannover, Ujerumani, Kurt Schwitters alichukua mihuri ya ofisini akaigonga upande, juu chini, katikati ya vipande vya karatasi vilivyobandikwa na mistari ya penseli. Arman wa Ufaransa naye, miaka ya 1950, aligonga na kugonga mpaka karatasi ikajaa kama kituo cha daladala saa kumi na mbili jioni.

Lakini anayestahili kuitwa mshairi wa Mheshimiwa ni Saul Steinberg. Alizaliwa Romania mwaka 1914, Myahudi, akasomea usanifu majengo Milano. Sheria za kibaguzi za Mussolini zilimkuta huko. Mwaka 1941 akafanikiwa kutoka Italia, akakaa Santo Domingo akingojea kibali, na Marekani akaingia 1942. Mtu aliyengojeshwa hivyo na mihuri ya wengine, alipotulia alijitengenezea yake. Akachora hati za kusafiria na diploma zenye mwandiko wa madaha usiosomeka. Alama ya kidole gumba akaifanya uso wa mtu. Muhuri wa duara akautundika angani mahali pa jua. Hakuna neno linalosomeka pale, na bado ukitazama unahisi kuna kiambatisho umekisahau nyumbani.

Anayetaka kumzoea Mheshimiwa na anunue kifutio cha mwanafunzi na wembe. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi, ilaze kifudifudi juu ya kifutio, sugua kwa ukucha. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka. Uache hivyo hivyo, ukigongwa utanyooka. Unapochonga, laza wembe ili kila mstari uwe na kitako kipana kuliko kichwa. Ukichimba chini yake, mstari utajikunja kwa pigo la kwanza. Wino uwe wa kadiri, maana pedi ikilowa mno mabonde yote hujaa. Kisha gonga juu ya gazeti lililobandikwa na kupakwa rangi ya maji, ikishakauka. Usichovye tena: gonga mara ya pili, ya tatu. Hiyo ya tatu, iliyofifia ukingoni na kuacha habari za gazeti zichungulie, ndiyo nzuri kuliko zote. Ofisini wangeirudisha, wakakuambia ukaanze upya dirisha namba moja.

Ndiyo maana, kwa heshima zote, nawaomba wenye makabati wampe Mheshimiwa likizo walau Jumamosi moja. Aje na pedi yake. Magazeti yapo, gundi ipo, na hapa hatadaiwa kuthibitisha chochote.