Path Imepotea: Mwongozo kwa Fundi Asiye na Haraka ya Kwenda Nyumbani

Ili kitu kirejeshwe sharti kwanza kipotee, na kwenye seva ya Windows njia ya uhakika ni amri ya setx. Umeombwa uongeze folda moja tu ya Java kwenye Path, ile orodha inayoielekeza mashine mahali pa kutafutia programu. Fungua dirisha jeusi la amri kama msimamizi, andika setx /M PATH "%PATH%;C:\Java\bin", gonga Enter. Jibu usilisome. Ukilisoma utaona unaonywa kwamba maandishi yamekatwa yakabaki herufi 1024, kisha papo hapo unapongezwa kwamba kazi imefanikiwa. Wewe shika pongezi. Kilichokatwa ni mkia wa orodha, na mkiani ndiko ulikokuwa umeipachika folda yako. Yaani vya watu umevifuta na chako hakikuingia.

Sasa kanywe chai, maana hakuna atakayepiga simu. Kila programu inapoanza hupewa nakala yake ya mazingira ya mfumo na hubaki nayo hadi izimwe. Hifadhidata inachapa kazi kwa Path ya jana, mfumo wa mishahara vilevile. Mambo yataharibika siku seva itakapowashwa upya baada ya apdeti, na ukijaliwa siku hiyo zamu itakuwa ya mwenzako.

Kama huwezi kungoja, iwashe upya mwenyewe. Wajuaji watakusihi usithubutu. Watasema lile dirisha ulilochapia amri bado lina Path nzima, kwa kuwa setx haigusi dirisha lililokwisha kufunguliwa: andika echo %PATH%, nakili, bandika kwenye Notepad, toa folda zako binafsi zilizochanganyika humo, kazi kwisha. Dakika mbili! Kazi ya dakika mbili nani ataiheshimu? Funika kombe mwanaharamu apite; funga dirisha kabla bosi hajatokea.

Hata hapo wapo wabishi wanaotembea na Process Explorer, programu ya bure ya Sysinternals. Watabofya mara mbili huduma yoyote iliyowaka tangu seva ilipoanza, wafungue kichupo cha Environment, na humo wataikuta Path ya zamani haina hata mkwaruzo. Ndiyo maana nasisitiza kuwasha upya: kunafuta ushahidi wote kwa mpigo mmoja.

Seva ikisharudi, na nusu ya huduma zikigoma, ndipo utakumbuka bekapu. Nenda C:\Windows\System32\config\RegBack, folda ambayo Windows ilikuwa ikiweka nakala za rejista yake. Mafaili utayakuta yamepangwa vizuri, kila moja lina ukubwa wa sifuri. Tangu toleo la 1803 la Windows 10, mwaka 2018, nakala hizo haziwekwi tena, na Microsoft walishaeleza kwamba si hitilafu, wamekusudia, ili kuokoa nafasi ya diski. Majina ya mafaili wamekuachia. Ni ukarimu wa aina yake.

Kinachobaki ni kukopa Path ya seva nyingine inayofanana na yako, au kuzunguka ndani ya Program Files ukikisia folda moja moja. Ukishaipata, usipitie dirisha la kawaida la mipangilio, ambalo lina orodha safi na kitufe cha kuongeza. Ingia kwenye rejista, chini ya Session Manager\Environment, futa Path, uitengeneze upya kwa aina ya REG_SZ badala ya REG_EXPAND_SZ. Hapo %SystemRoot% itabaki maandishi matupu ambayo mfumo hauyafumbui, na System32 nzima itatoweka njiani. Kisha piga ping kuhakikisha seva iko hewani. Ukiambiwa ping haitambuliki, andika kwenye ripoti kwamba tatizo ni mtandao, uwakabidhi watu wa mtandao.